Bahari ndani ya kioo: Kwa nini tangi la matumbawe linazidi kuwa ghali

KUFUGA samaki wa baharini pamoja na matumbawe hai ndani ya tangi la kioo kumekuwa ghali kupita kiasi katika miaka ya hivi karibuni, na wanaoguswa na jambo hili si matajiri wa London na Chicago pekee. Wavuvi wa Shimoni, Msambweni, Kanamai na Kilifi, ambao huwanasa vitatange na samaki wengine wa mapambo na kuwauza wangali hai kwa soko la ng'ambo, wamo katika mnyororo uo huo wa biashara.

Huenda msomaji akauliza, tangi la maji na samaki kumi lina gharama gani ya kutajwa gazetini? Jibu ni kwamba mwenye tangi hilo hununua bahari nzima kwa rejareja: chumvi yake, mawimbi yake, mwanga wake, joto lake lisilobadilika na usafi wake. Aishiye Watamu au Diani haioni bei ya vitu hivi kwa kuwa vipo nje ya dirisha lake. Ili bei ionekane waziwazi, hebu tulipeleke tangi hilo, kwa hesabu ya karatasini tu, mahali palipo mbali na bahari.

Tuchague Ngaremara. Wadi hii ya Kaunti ya Isiolo iko kando ya barabara kuu inayotoka mji wa Isiolo kuelekea Archer's Post, Marsabit na Moyale, na wakazi wake wengi ni wafugaji wa jamii ya Waturkana. Jina lenyewe limechimbuka kutoka Kimaa, ambamo ngare ni maji. Kutoka hapo hadi ufuo wa Mombasa ni mwendo wa zaidi ya kilomita 750 kwa barabara. Hatudai kwamba yupo mkazi wa Ngaremara mwenye tangi la matumbawe sebuleni. Tumepachagua kwa sababu kila kinachotolewa bure na bahari, pale hulipiwa.

Tuchukue pia tangi la wastani, lenye urefu wa sentimita 120, upana wa sentimita 60 na kimo cha sentimita 55. Likijaa huwa na takriban lita 400. Kwa mafundi wa fani hii, hilo si tangi kubwa.

Tuanze na chumvi. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi za aina mbalimbali. Nyingi ni chumvi ile ya kawaida ya mezani, lakini zimo pia magnesiamu, kalsiamu, potasiamu na vitu vingine vingi kwa viwango vidogo. Matumbawe hujenga mifupa yake kwa kalsiamu anayoichota majini, ambayo katika bahari ni takriban miligramu 420 kwa lita. Kiwango hicho kikishuka, tumbawe huacha kukua. Kikiyumbayumba kwa siku chache, huanza kufa kutoka ncha.

Hapa ndipo penye kinaya. Katika Magarini, kaunti ya Kilifi, yapo mashamba makubwa ya chumvi ambako maji ya Bahari Hindi hutegwa katika mabwawa na kukaushwa kwa jua. Mtu angetarajia kwamba mwenye tangi wa Kenya angeinunua chumvi hiyo ya nyumbani kwa bei nafuu. Haimfai. Kinachoganda katika mabwawa yale na kuvunwa ni chumvi ya mezani. Magnesiamu na potasiamu hubakia katika yale maji machungu ya mwisho. Isitoshe, chumvi ya jikoni hutiwa madini ya joto kwa mujibu wa sheria ya afya. Kwa hiyo mfugaji hulazimika kuagiza kutoka ng'ambo unga maalumu wa chumvi uliochanganywa viwandani, na kuulipia kwa dola.

Tangi letu litahitaji kilo 14 hivi za unga huo siku ya kwanza. Baada ya hapo, kwa desturi, asilimia 10 ya maji hutolewa kila wiki na kuwekwa mengine mapya ili kupunguza uchafu na kurejesha madini yaliyotumika. Hizo ni lita 40 kwa wiki, yaani karibu kilo moja na nusu ya chumvi kila wiki na kilo 75 kwa mwaka. Shilingi ya Kenya, ambayo mwanzoni mwa mwaka wa 2020 ilikuwa ikibadilishwa kwa takriban 100 kwa dola moja, ilishuka hadi karibu 160 mnamo Januari 2024, kisha ikapata nguvu na kurudi kwenye kiasi cha 130 mwaka uo huo. Ndoo ya chumvi ilipanda pamoja na dola. Dola iliposhuka, wenye maduka hawakuwa na haraka ile ile ya kushusha.

Wengine hudhani kwamba maji ya kisima chenye chumvi yangeweza kufaa, kwa kuwa visima vingi vya kaskazini hutoa maji yasiyonyweka. Hilo pia ni kosa. Chumvi ya nchi kavu ni ya kabila lingine. Katika kreta ya Magado, upande wa kaskazini wa milima ya Nyambene, watu wamechimba magadi ya kulambisha mifugo kwa vizazi vingi. Ng'ombe huyapenda, lakini tumbawe lingekufa humo.

Suala la maji lenyewe ndilo zito kuliko yote, na ndilo ambalo vitabu vya ufugaji vilivyoandikwa Ulaya hulipitia kwa sentensi moja.

Kabla ya kuchanganywa na chumvi, maji ya tangi la matumbawe hayana budi kuwa safi kabisa, bila naitreti, fosfeti wala shaba. Yapatikanayo kutoka mfereji au kisimani husukumwa kwa nguvu kupitia utando mwembamba unaozuia kila kitu isipokuwa maji. Mtambo huo hufanya kazi vizuri, ila una tabia moja: kwa kila lita moja safi inayotoka, lita tatu au nne hutiririka kando zikiwa zimebeba uchafu uliozuiwa. Maji yanapokuwa na chumvi nyingi, kama yalivyo ya visima vingi vya nyanda kavu, hasara huwa kubwa zaidi na utando huziba mapema.

Halafu kuna mvuke. Katika hewa kavu ya Isiolo, tangi lililo wazi juu la lita 400 linaweza kupoteza lita 6 hivi kwa siku. Kinachopaa ni maji matupu, chumvi hubaki. Mwenye tangi akijaza pengo hilo kwa maji ya chumvi, ukali utazidi siku hadi siku mpaka samaki washindwe kuishi. Ni lazima ajaze kwa maji yale yale safi ya mtambo.

Sasa tujumlishe. Lita 40 za kubadilisha kila wiki na lita 42 za kufidia mvuke ni lita 82 za maji safi. Tukihesabu hasara ya lita tatu kwa kila moja, maji yanayohitajika ni lita 328 kwa wiki, yaani mitungi 16 ya lita 20, au lita 47 kwa siku. Siku ya kujaza tangi kwa mara ya kwanza itahitajika mitungi 80.

Mbuzi mmoja wakati wa kiangazi hunywa takriban lita 4 hadi 5 kwa siku. Tangi letu, basi, linakunywa maji ya mbuzi kumi. Mashirika ya misaada ya dharura huhesabu lita 15 kwa mtu kwa siku kuwa kiwango cha chini cha kunywa, kupika na kuoga. Tangi linatumia maji ya watu watatu.

Ni kweli kwamba maji yanayotupwa na mtambo hayana sumu, na yakitoka katika chanzo kisicho na chumvi kali yanaweza kufulia nguo au kunyweshwa mifugo. Lakini takwimu hizi hazina budi kusomwa pamoja na historia ya karibuni. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, kaskazini mwa Kenya kulikosa mvua ya kutosha kwa misimu mitano mfululizo, na Isiolo ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizopoteza mifugo kwa wingi. Maji ya boza huuzwa kwa mtungi. Mahali kama hapo bei ya tangi haikai katika risiti ya duka peke yake.

Baada ya maji, umeme. Mawimbi ya baharini huigizwa kwa pampu zisizozimwa usiku wala mchana, maana tumbawe halitembei na hungojea chakula na hewa viletwe na mkondo. Uchafu huondolewa na chombo kinachotoa mapovu mengi madogo ambayo hunasa mafuta na mabaki ya chakula na kuyapandisha juu yakamwagwe. Pampu na chombo hicho pamoja hutumia kama wati 80 saa zote 24. Taa zenye nguvu za LED, tuseme wati 150 kwa saa 10, huchukua mahali pa jua, kwa sababu ndani ya mwili wa tumbawe huishi vimelea vidogo mno vya jamii ya mwani ambavyo hutengeneza chakula kwa mwanga na kumgawia mwenyeji wao.

Inayobaki ni joto. Maji yanapaswa kukaa kati ya nyuzi 24 na 26 za Selsiasi. Mchana wa Ngaremara hupita nyuzi 30 bila shida, na usiku wake huwa wa ubaridi. Mfugaji wa huko atahitaji mtambo wa kupooza maji mchana na hita usiku, jambo ambalo mwenzake wa Mombasa au wa Oslo hulijua nusu tu.

Tukiweka wati 300 za kupooza kwa saa nane, jumla ya siku ni karibu uniti 5.8, na ya mwezi ni uniti 175. Kwa kadirio la shilingi 30 kwa uniti, ukijumlisha kodi na tozo za mafuta na za kubadilisha fedha zinazoandamana na bili, hiyo ni zaidi ya shilingi 5,200 kila mwezi kabla ya kununua hata samaki mmoja.

Na umeme ukipotea? Mnamo Agosti 25, 2023, karibu nchi nzima ilikaa gizani kwa saa nyingi, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Pampu zikisimama, hewa ya oksijeni ndani ya tangi lililojaa viumbe huweza kwisha kabla ya kupambazuka. Ndiyo maana bei ya tangi huandamana na bei ya jenereta au ya betri. Kwa jua la Isiolo, paneli zenye uwezo wa kilowati 1.5 hivi zingetosha kwa siku ya kawaida, lakini sehemu ya umeme huo huhitajika usiku, na betri ndizo ghali kuliko paneli.

Neno moja kuhusu lugha. Kiswahili hakijapata jina la mkato la chombo hiki, na sisi wa meza ya uhariri hulazimika kuandika "tangi la samaki", ambalo msomaji huweza kudhani ni pipa la kuhifadhia changu sokoni. Waingereza nao hawakuwa na neno hadi Philip Henry Gosse alipoeneza "aquarium" kwa kitabu chake cha mwaka wa 1854. Yeye aliishi karibu na ufuo na kuchota maji baharini, kama alivyofanya karne moja baadaye Lee Chin Eng wa Jakarta, ambaye mwaka wa 1961 aliueleza ulimwengu jinsi alivyofuga matumbawe kwa mawe hai na mapovu ya hewa tu, pasipo mitambo. Gharama tunazozitaja zimezaliwa na umbali kutoka baharini.

Kwa nini basi gharama hizo zimeruka ghafula? Umeme una sehemu kubwa. Urusi ilipoivamia Ukrainia mnamo Februari 2022, bei ya gesi ilipanda Ulaya nzima. Nchini Uingereza, uniti moja ya umeme wa nyumbani iliyokuwa takriban peni 21 kabla ya Aprili mwaka huo ilifika peni 34 kufikia Oktoba, hata baada ya serikali kuingilia kati. Tangi la uniti 175 kwa mwezi lilipata nyongeza ya zaidi ya pauni 22 kila mwezi, bila kubadilika lolote ndani yake.

Usafiri nao ulikuwa umekwisha kupanda tangu 2020, janga la Covid-19 liliposimamisha ndege za abiria ambazo aghalabu ndizo hubeba samaki hai katika sehemu ya mizigo. Samaki hawa hufungwa kila mmoja katika mfuko wa plastiki wenye maji kidogo na oksijeni nyingi, wakiwa wamenyimwa chakula siku moja au mbili ili wasichafue maji njiani. Mteja hulipia uzito wa maji hayo pia.

Sheria za ulinzi wa bahari zimechangia vilevile. Mnamo Septemba 2017, Mahakama ya Juu ya Hawaii iliamua kwamba vibali vya kuvua samaki wa mapambo haviwezi kutolewa bila tathmini ya mazingira. Bei ya kangaja wa manjano, samaki aliyetoka Hawaii kwa wingi, ilipanda mara kadhaa katika miaka iliyofuata. Fiji ilipiga marufuku uuzaji wa matumbawe na mawe hai nje ya nchi mwishoni mwa 2017, na Indonesia ikasimamisha uuzaji wa matumbawe mwaka wa 2018 kabla ya kuyaruhusu tena yale yaliyopandwa.

Kila mlango uliofungwa kwingineko uliwafanya wanunuzi wazitazame zaidi nchi zilizobaki, Kenya ikiwa mojawapo. Katika maji yetu zaidi ya aina 200 za samaki zimewahi kunaswa kwa biashara hii. Wazamiaji hutumia nyavu ndogo za mkono, nao hulipwa kwa idadi na aina ya samaki. Malipo yao ni sehemu ndogo ya bei ya dukani ng'ambo, kwa kuwa kati ya mwamba wa Shimoni na kioo cha London kuna mwenye kituo, mwenye ndege, mwagizaji, muuzaji wa jumla na muuzaji wa rejareja, na kila mmoja huhesabu pia wale watakaokufa mikononi mwake.

Mfano unaotia wasiwasi ni wa samaki mdogo mwenye mstari mweusi, Labroides dimidiatus, ambaye amekuwa miongoni mwa wanaouzwa kwa wingi kutoka Kenya. Kazi yake mwambani ni kuwasafisha samaki wengine kwa kula wadudu waliowaganda. Tangini hakuna wadudu wa kutosha, na wengi wao hudhoofika kwa njaa. Mwambani alikotolewa, utafiti uliofanywa Australia umeonyesha kwamba palipokosa wasafishaji hao kwa miaka mingi, idadi na aina za samaki wengine hupungua. Gharama hiyo humfikia mvuvi wa ndoana asiyewahi kuuza samaki wa mapambo hata mmoja.

Bahari yenyewe imeanza kuugua ugonjwa ule ambao mwenye tangi huuogopa. Maji yakizidi joto la kawaida la kiangazi kwa nyuzi moja tu na kukaa hivyo kwa majuma kadhaa, tumbawe huvifukuza vile vimelea vya mwani na kubaki jeupe. El Niño ya 1998 iliua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani yetu. Yalipauka tena mwaka wa 2016 na mwaka wa 2024. Huko Wasini, jamii kwa ushirikiano na wataalamu wa taasisi ya utafiti wa bahari, KMFRI, imekuwa ikipanda upya vipande vya matumbawe. Mtambo wa kupooza Bahari Hindi haupo.

Bei zinapopanda, wengi hukimbilia samaki waliozalishwa viwandani. Jamii ya samaki wanaoishi ndani ya anemoni imezalishwa kibiashara huko Florida tangu miaka ya 1970, na kangaja wa manjano alizalishwa kwa mara ya kwanza huko Hawaii mwaka wa 2015. Samaki hao hawadai chochote kutoka mwambani, jambo la heri. Lakini pia hawampi chochote mzamiaji wa Msambweni, na sioni haki katika kumwambia aache kazi hiyo kabla ya kumwonyesha nyingine.

Kwa shule au hoteli ya bara ambayo bado inataka kuwaonyesha watoto sura ya bahari, ipo njia ya kupunguza matumizi: kufuga samaki peke yao bila matumbawe. Taa za kawaida zitatosha, kalsiamu haitapimwa kila wiki, na samaki wastahimilivu huvumilia joto kidogo zaidi, hivyo bili ya umeme hushuka kwa kiasi kikubwa. Chumvi pia hupungua, kwani maji hubadilishwa mara chache zaidi. Mvuke peke yake haupungui: lita 6 kila siku, na mara tatu ya hizo zikitiririka kando ya mtambo.